Mgonjwa wa Saa Nane Usiku

Gichuhi, ulinikuta saa nne asubuhi
kwenye kibanda cha vifungo,
nikicheka na muuzaji juu ya bei ya zipu,
pua kavu, macho makavu, sauti imerudi,
ukaniangalia jinsi mtu anavyoangalia noti
aliyorudishiwa gizani.
Hukuuliza kitu. Ulisema tu, "Ahaa."

Saa kumi na moja alfajiri nilipokupigia simu
koo langu lilikuwa bawaba ya lango kuukuu.
Ukadhani nimeazima sauti ya mjomba.
Haikuwa ya kuazima, ilikuwa yangu ya alfajiri.
Wiki hii nina sauti tatu
na mshahara mmoja.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua
hawakutuachia neno kwa yule
ambaye maradhi yake hujificha yenyewe
ikigonga saa tatu.

Njoo basi saa nane usiku, hapa Kivumbini,
mtaa uliobatizwa na pua za waliotutangulia.
Baridi inateremka kutoka Menengai bila viatu,
inapenya chini ya mlango, inapanda kitandani.
Nikilalia ubavu wa kushoto, tundu la kushoto linaziba.
Nageuka. Kamasi nazo zinageuka,
kama mpangaji anayehama chumba na godoro lake.
Nalala chali: zinachuruzika kooni, tone, tone,
na kikohozi kinaamka kabla ya majirani,
kisha majirani.
Moraa anagonga ukuta wa mbao: "Mama, meza mate."
Mate yapi?

Nilimwuliza Jerotich wa zahanati,
yule anayeandika dawa kwa mkono wa kushoto:
mbona ugonjwa wangu una ratiba?
Akaweka kalamu chini.
Akasema ni mwili, mwili una zamu.
Kuna tezi zimekaa juu ya figo kama kofia;
kukikaribia kucha humimina kitulizo kwa wingi,
uvimbe ukanywea, mtu akaamka akajiita mtu.
Jua likienda, kitulizo kinapungua,
usiku wa manane kimebaki cha kulamba.
Hapo ndipo walinzi wa damu hupata nafasi:
wanakoka moto, wanafurisha mapito, wanapiga mayowe.
"Homa inayokuchoma usiku," akasema,
"nusu yake si adui. Ni watu wako."

Watu wangu!
Nilitembea na neno hilo hadi nyumbani,
nikasahau kununua ndimu.

Akaongeza jingine, dogo, akiwa tayari amemwita mwingine:
mchana umesimama wima, kamasi zinajua njia;
mchana kuna pindo la kukunja, kuna mteja wa kugombana naye,
kichwa hakina muda wa kujisikiliza.
Usiku taa ikizimwa
pua ndiyo redio pekee nyumbani.

Kwa hiyo sikukudanganya alfajiri, Gichuhi,
wala sikukudanganya saa nne.
Wote wawili walikuwa mimi.
Nikilala, kumbe, kuna cherehani ndani inashona,
na wewe unajua, miaka kumi na miwili sasa,
kama kuna cherehani iliyowahi kushona kimya.

Niwekee zile sketi za kijani, za mabinti wa kidato cha kwanza.
Kesho nitaingia saa tano, na kitambaa begani.
Ukiniona mzima usinifurahie sana.
Saa kumi upepo wa ziwani utakuja na magadi yake,
nitapiga chafya juu ya pindo, mara tatu, mara nne,
saa kumi na mbili macho yataanza kuwaka
nami nitaomba ruhusa ya kwenda.
Usiseme "ahaa."

Au nipigie saa nane, usiku huohuo.
Sitakuwa nimelala.
Sikiliza kwanza, kabla hujanisalimu.